Fundi Simu Aliyechinja Simu Yake

Mwanaume akianza kumuuliza mkewe ameshindaje, mimi naanza kukagua mifuko yake. Ndivyo nilivyoumbwa na sioni haja ya kujificha. Ndiyo maana rafiki yangu Chapuchapu aliponiambia, huku akigawa nywele za mteja kwa mkia wa kitana, kwamba jana jioni mumewe alimuuliza siku yake ilikuwaje, mikono yangu ilikwama kwenye kichwa nilichokuwa nakisuka.

"Amekuuliza? Kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake. Halafu akanyamaza, anasubiri nimjibu."

"Makubwa," nikasema, na mteja wangu akaguna pale chini kuonyesha kwamba naye ameona ukubwa wenyewe.

Ngoja niwaeleze hawa ni watu gani, msije mkaniona mimi ndiye mwenye matatizo. Saluni yetu ina viti viwili, kioo kimoja kirefu chenye ufa pembeni, beseni la kuoshea nywele na draya inayonguruma hata ikiwa imezimwa nusu. Kiti cha dirishani ni changu, cha ndani ni cha Chapuchapu. Jina hilo tulimpa kwa ajili ya vidole vyake. Kichwa ambacho mimi nahangaika nacho kutwa nzima, yeye anakimaliza kabla ya chakula cha mchana, na mteja anaondoka akijipapasa kuhakikisha kwamba kweli kimekwisha. Anasuka haraka, anaongea haraka, anakula amesimama. Mumewe ni fundi simu. Kibanda chake kiko mtaa wa nyuma, kimebanwa kati ya duka la viatu na duka la vipuri vya baiskeli, na watu wote humwita Chaji, kwa sababu miaka nenda miaka rudi alitembea na waya wa chaji shingoni.

Na huyo Chaji, simu ilikuwa imemteka mzimamzima. Alikula akiitazama, alijibu salamu akiitazama, na bafuni aliingia nayo ameivalisha mfuko wa nailoni. Picha zote za harusi ya shemeji yake zinaonyesha utosi wake. Mtoto wao wa pekee yuko shule ya bweni, kwa hiyo nyumbani walibaki wawili tu, na Chapuchapu akitaka kumwambia mumewe chakula kiko tayari alimtumia ujumbe, ilhali wamekaa chumba kimoja. Tulizicheka sana habari hizo. Yeye alizisimulia kwa utani, na sisi tulizipokea kwa utani.

Sasa mtu wa namna hiyo, siku moja, hajaugua, hajafiwa, anarudi nyumbani kwa miguu jua bado linawaka. Mkononi ana simu ndogo ya vitufe, ile yenye tochi kichwani. Anaiweka juu ya kabati na kuiacha hapohapo. Anavuta kigoda, anakaa jikoni, anaomba sinia la maharage ayachambue.

"Anachambuaje?" nilimuuliza.

"Punje kwa punje. Na ananiangalia."

"Anakuangalia vipi?"

"Ananiangalia tu, dada. Mimi sijazoea."

Machale yakanicheza. Na kuanzia siku hiyo kila asubuhi Chapuchapu alipofungua mkoba wake na kutoa vitana, nilikuwa nasubiri taarifa mpya, naye hakuninyima. Mara mumewe ameona kwamba mapazia ya sebuleni yamefifia. Mapazia hayo yametundikwa tangu mtoto yuko chekechea, na yeye hakuwahi kujua kama ni mapazia au ni ukuta. Mara amemwambia kwamba amemsikia siku hizi anakohoa asubuhi, anywe maji ya moto. Mara amezima runinga katikati ya taarifa ya habari akasema kelele zinamchosha. Kelele! Mtu aliyekula ujana wake wote akijaribu milio ya simu za watu.

Hata kibandani alibadilika. Alikuwa akifunga mapema, mteja akija mbio anamwambia njoo kesho. Mafundi wote husema njoo kesho, sawa, lakini huyu sasa alikuwa anamaanisha kesho. Ukirudi kesho unaikuta simu yako imepona na imefutwa vumbi. Hilo nalo lilinitia shaka.

Chapuchapu alimuuliza waziwazi: vipi, bwana, kuna nini? Akajibiwa: "Nimechoka na mbio, mama. Nataka tuishi taratibu."

Jibu hilo lilipofika saluni lilipigiwa kura. Mteja mmoja, mwalimu, akasema huenda ni umri. Mwingine aliyekuwa chini ya draya akapaza sauti kuliko ilivyohitajika akasema mwanaume anayetaka kuishi taratibu ameshapata wa kuishi naye. Mimi nikasema mtu haachi simu kubwa akashika ya vitufe ila kama kuna mtu ambaye hataki aonekane akimpigia. Simu yangu ilikuwa ikilia mezani wakati nasema hayo, na ya mwalimu, na ya yule wa kwenye draya, zote kwa pamoja, na hakuna aliyekuwa akisikia lolote vizuri, lakini tulikubaliana.

Ikabaki kuipata ile simu kubwa. Chapuchapu aliitafuta chini ya godoro, kwenye makoti, ndani ya kopo la unga, mpaka juu ya dari alipanda. Hakuna. Mwisho tukaenda kibandani mchana, tukijifanya tunampelekea chakula. Tulimkuta amejiinamia, kurunzi kichwani, bisibisi mkononi, mezani kumetulia. Chapuchapu akamuuliza simu yake iko wapi. Chaji akafungua mtoto wa meza.

Simu ilikuwa imelala chali, tupu. Haina kioo, haina betri, haina kamera, imebaki mgongo na matundu ya skrubu.

"Nimeichinja," akasema. Kwa mafundi simu kuchinja ni kuitoa simu vipuri vyote ili vikafufue nyingine. "Kioo kimeenda kwa mteja mmoja, betri kwa mwingine. Zilihitajika."

Alisema hivyo kwa upole, akafunga mtoto wa meza, akafungua bakuli la chakula, akamshukuru mkewe. Upole ule sikuupenda hata kidogo. Tulipotoka nje Chapuchapu akanishika mkono.

"Umeona?"

"Nimeona. Ameharibu ushahidi."

Hapo ndipo nilipomkumbuka Mama Pacha. Alikuwa mteja wa Chapuchapu wa miaka mingi, mama wa mapacha wawili watundu, mcheshi, mdomo haufungi. Kila mwisho wa mwezi alikuwa kitini, hata mvua inyeshe vipi. Kisha ghafla akaingia mitini. Mara ya mwisho alipokuja simu yake ilitumbukia kwenye beseni la kuoshea nywele, na ni Chapuchapu mwenyewe aliyemwelekeza: peleka kwa mume wangu, mwambie nimekutuma mimi. Akaenda. Tangu siku hiyo hakurudi tena saluni. Nilikutana naye mara moja sokoni, akaniona, akavuka barabara na kwenda kujifanya anachagua ndoo. Na Chaji alianza kuchambua maharage wiki ileile.

Nilipomwambia Chapuchapu, alikuwa na kichwa cha mteja mbele yake. Alisuka mstari mmoja, akaufumua, akausuka tena ukaenda upande. Sijawahi kumwona akisuka mstari ukaenda upande. Mteja alipoondoka, alikaa kwenye kiti chake mwenyewe, jambo ambalo hakuwa akilifanya, akajitazama kwenye kioo.

"Unajua, dada," akasema, "bora hata yule wa utosi. Yule nilijua yuko na nani."

Akamtumia Mama Pacha ujumbe. Ukasomwa, haukujibiwa. Akapiga, ikaita mpaka ikakata. Mimi kwangu huo ulikuwa muhuri.

Chapuchapu si mtu wa kupiga kelele kwenye jambo lenye uchungu. Dada yake mkubwa anakaa upande wa pili wa mji, na aliposikia akamwambia chumba kipo, njoo. Basi akaanza kuhama kidogo kidogo. Kila asubuhi alikuja saluni na begi lake la kazi, juu pakiti za rasta, chini gauni moja au blauzi mbili zimekunjwa vizuri, na jioni alizipitisha kwa dada yake kabla ya kurudi nyumbani. Alitaka mwezi ukiisha aondoke na mkoba tu, mlango aufunge kimya kimya, mumewe akirudi akute nyumba iko hivyo. Ndoa ya miaka yote ile ilikuwa inatoka ndani ya begi la kitambaa, na huko nyumbani Chaji alikuwa akimwekea maji ya kuoga yapate moto.

"Hakuna ugomvi, hakuna kusutana," aliniambia. "Naondoka kama nilivyokuwa naishi. Hakuna atakayeona."

Nilimwambia sawa, lakini usiondoke kabla hujamtazama yule mwanamke usoni. Ukiondoka hujamwona, atakucheka mpaka uzeeni. Alikataa, akakubali, akakataa tena. Mwishowe siku moja alasiri tulifunga saluni tukaenda nyumbani kwake, mimi nikiwa mbele, kwa sababu ninapajua na kwa sababu nilikuwa na hamu.

Mama Pacha alikuwa uani, anafua. Sare za mapacha zilikuwa kwenye kamba zinachuruzika maji. Kitu cha kwanza nilichokiona ni kichwa chake, na nitasema kweli, kesi yangu ilianza kuyumba palepale. Alikuwa amejisuka mwenyewe. Mistari imeenda kila mmoja na njia yake, nyuma kumebaki kichaka. Mwanamke aliyechukua mume wa msusi hatembei na kichwa kama kile.

Alituona, akaacha nguo ndani ya povu, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Nilijua mtakuja," akasema.

"Basi sema," Chapuchapu akamwambia, na sauti yake ilikuwa ndogo sana.

Hapa inabidi niwaeleze kazi yetu inavyokwenda. Mikono ya msusi haiko huru. Iko ndani ya nywele, imejaa mafuta, kwa hiyo sisi hatuandiki. Tukiwa na neno la kusema kwenye grupu la wateja wetu, mteja aliyeketi hutoa simu yake, anabonyeza, anaisogeza kwenye midomo yetu, tunasema, anatuma. Siku ile ya mwisho ya Mama Pacha grupu lilikuwa limechemka kuhusu waume, kila mtu anamwaga yake. Chapuchapu alikuwa na vidole vyote kumi kichwani kwa Mama Pacha, akimfumua. Mama Pacha akainua simu yake, Chapuchapu akasema yake, ikatumwa, tukacheka mpaka tukashika mbavu. Muda mfupi baadaye, akiinama kuoshwa, simu ikamponyoka ikaingia kwenye beseni.

"Mumeo alinibadilishia spika," Mama Pacha akaanza. "Ilipokwisha akasema ngoja tuijaribu. Nyinyi mnajua wanavyojaribu. Anatafuta sauti yoyote ya mwisho iliyomo, anaipandisha mpaka juu, anabonyeza. Mimi nilikuwa nimeshasahau. Nilipokumbuka ameshabonyeza. Ikatoka sauti yako."

"Nilisema nini?" Chapuchapu akauliza.

Alikuwa hakumbuki kweli. Mimi nilikumbuka, maana nilicheka mpaka kitana kikanidondoka, na pale uani sikuona tena kilichonichekesha.

Mama Pacha akainamisha macho. "Ulisema, 'Nani ana mume? Mimi nina utosi. Nikianguka nikafa jikoni, yule atanivuka akachomeke chaji. Siku nikipata pa kwenda naondoka, na yeye atajua baada ya wiki.'"

Mapacha walikuwa wakigombana ndani ya nyumba. Hakuna aliyewaambia wanyamaze.

"Kibandani kulikuwa na watu," akasema. "Yule wa duka la viatu alicheka sana. Mumeo hakucheka. Akairudia. Nikadhani anaisikiliza spika. Akairudia tena. Kisha akasema, 'Inasikika vizuri,' akanipa simu yangu, akainama kwenye kazi nyingine. Hakunitazama. Niambie, ningekujaje kukaa kwenye kiti chako? Ningekutazama vipi kwenye kile kioo?"

Tulirudi kwa miguu. Chapuchapu, ambaye siku zote namkimbilia nyuma, siku hiyo alikuwa akibaki nyuma yangu na mimi nasimama kumsubiri. Nilitaka kumwambia kwamba mtu ukisikia neno kama lile unauliza, kwamba kukaa kimya miezi yote si uungwana, kwamba sisi tungejuaje. Nilianza, "Lakini na yeye angekuambia..."

"Dada, nyamaza," akasema.

Nikanyamaza. Kwangu mimi hilo si jambo dogo. Nilimsindikiza mpaka kona ya mtaa wao. Begi lake la kazi lilikuwa begani, na ndani yake kulikuwa na sketi mbili ambazo jioni ile zilikuwa ziende kwa dada yake. Yaliyofuata alinisimulia mwenyewe, na safari hii sikuwa na hamu ya kuongeza chumvi.

Alimkuta Chaji jikoni, kwenye kigoda, sinia mapajani. Alisimama mlangoni, begi begani, akamwambia ametoka kwa Mama Pacha. Vidole vya Chaji vilisimama kidogo, kisha vikaendelea.

"Kwa nini hukuniuliza?" Chapuchapu akasema. "Miezi yote hii. Ungeniuliza kama nilimaanisha. Ulikuwa ni utani wa saluni."

"Hata mimi nilijiambia ni utani," akajibu. "Ndiyo maana niliirudia. Kila nilipoirudia nilisikia ni kweli."

"Sasa si ungesema!"

Chaji akaliweka sinia chini. "Ulisema ukipata pa kwenda unaondoka. Niliogopa nikikuuliza, utaniambia umeshapata."

Chapuchapu angeweza kumdanganya, aliniambia, na kama angekuwa bado ni yule mume wa utosi uongo ungepita vizuri tu. Lakini Chaji alikuwa akilitazama begi.

"Nguo zako zinapungua kabatini," akasema. "Ilianza gauni la bluu. Halafu blauzi zako za kazi, halafu lile koti ulilonunua tulipompeleka mtoto shule. Kila ukienda kazini nafungua kabati naona ni ipi imeondoka leo. Zamani nisingejua. Ungeimaliza kabati nzima, nisingejua. Sasa najua moja moja, na sijui nifanye nini, kwa hiyo nakaa hapa nachambua."

Hapo ndipo Chapuchapu alipolia. Alilia kwa aibu, na kwa hasira pia, kwamba aliyemwita utosi alikuwa anajua lile koti lilinunuliwa lini. Yale macho yaliyomfuata kila jioni jikoni, ambayo mimi niliyatafsiri kwa uhakika mkubwa kabisa, yalikuwa macho ya mtu anayeogopa, na yeye alilala nayo chumba kimoja asiyatambue.

"Umepata?" Chaji akamuuliza.

"Nimepata. Kwa dada. Chumba kimeshafagiliwa."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayepokea habari ambayo alikwisha kuijua.

"Siendi," Chapuchapu akasema. "Nilidhani una mwanamke. Nguo nitazirudisha kesho, zote. Siendi popote."

Chaji alimtazama usoni, akalitazama begi, kisha usoni tena.

"Leo siwezi kukuamini, mama," akasema. "Nataka, lakini siwezi. Nipe siku."

"Najua," Chapuchapu akamjibu, akashusha begi sakafuni, akavuta kiti, akakaa.